Kabati Lisilotaka Kwisha

Nimetengeneza milango, vitanda, madawati ya shule, hata majeneza ya Wakristo wa misheni, na sijapata kazi iliyonichosha roho kama kabati moja la ukutani pale Kanyenye. Nasema kabati moja, lakini kwa hesabu ya jasho nililijenga mara tatu. Kila nikisema limekwisha, mwenyewe anakuja, anasimama katikati ya chumba, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, halafu anaanza: "Hivi, fundi..." Mpaka leo mtu akiniita kwa "hivi, fundi" natafuta mlango wa kutokea.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, redio ikituhimiza kutwa kucha tujitegemee, na duka la serikali likiwa na rafu nyingi na vitu vichache. Mwenye kabati alikuwa karani wa mizigo pale stesheni ya reli, mtu wa makamo, mnene kidogo, Mzaramo wa Kisarawe. Mimi ni Mnyamwezi wa hapahapa Tabora. Kwa hiyo tulikuwa watani, na taabu yote ilianzia hapo.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Babu zetu walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, miezi kwa miguu, na karibu na pwani walipita kwa Wazaramo. Katika kupita na kurudi, kugombana, kuuguzana na kuzikana, ukazaliwa utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kofia kichwani mwako akaondoka nayo mpaka uikomboe. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha huku machozi hayajakauka. Jambo moja tu haliruhusiwi, nalo ni kumkasirikia. Ukimnunia mtani kwa kweli, umejiaibisha wewe na wazee wako. Sasa niambie, fundi atafanyaje kazi na mteja ambaye ni haramu kumkasirikia?

Alikuja karakana kwangu asubuhi moja, na badala ya salamu akauliza kama siku hizi Wanyamwezi wamejifunza kupiga randa au bado wanabeba tu. Nikamjibu kwamba Mzaramo hana haja na fundi, maana hana cha kuweka kabatini. Alicheka, kisha akakaa kwenye benchi langu bila kukaribishwa, juu ya ubao nilioumaliza kuupiga msasa.

Akanieleza shida yake. Mkewe alikuwa Kisarawe, mwaka wa pili huo. Reli ilikuwa imemhamisha yeye kutoka Morogoro kwenda Dodoma, kutoka Dodoma kwenda Manyoni, kutoka Manyoni kuja huku, na kila uhamisho mkewe ndiye aliyefunga vyombo vyake kwa mikono yake mwenyewe. Vilikuwa vyombo vya mama yake: sahani za maua, mabakuli, vikombe vya kahawa, na kombe moja kubwa la kupakulia wali. Lakini uhamisho wa mwisho, wa kutoka Manyoni, ulimkuta mkewe yuko pwani kwa uzazi wa binti yao, basi karani wangu akafunga vyombo mwenyewe. Karani wa mizigo, mtu ambaye kazi yake ni kuangalia mizigo ya watu isivunjike, alifunga sahani za mkewe kwa kurasa mbili mbili za gazeti akapigilia kasha misumari. Nusu ya vyombo ilifika Tabora vipandevipande.

Mkewe alipokuja akafungua kasha, hakupiga kelele. Alitoa vilivyosalia kimoja kimoja, akavifunga upya, akapanda navyo treni iliyofuata kurudi kwao. Aliacha neno moja tu. Alisema vyombo vya mama yake vimechoka kuishi ndani ya makasha, na yeye pia. Atakuja siku ambayo ndani ya nyumba pana mahali pa kuviweka ambapo hakuna mtu anayeweza kupapakia kwenye behewa.

Ndiyo maana hakutaka kabati la kusimama. La kusimama linabebeka. Alikuwa amenunua nyumba ya udongo pale Kanyenye, kwa mzee mmoja wa mjini, na amekwisha waambia wakubwa wake kwamba hahami tena, atastaafu hapahapa. Alitaka kabati lijengwe ndani ya ukuta wa chumba cha kulia, lishikwe na ukuta, ili mkewe akiliona ajue mumewe amekwisha kutua. Yote hayo aliyasema huku akichekacheka na kunichokoza, lakini nilielewa. Kabati lisipopatikana, mke hana.

Nikaenda kuiona nyumba. Loo! Ukuta wa udongo mnene kama urefu wa mkono, umejaa matumbo na mabonde. Nilining'iniza timazi, uzi ukagusa ukuta juu, ukaachana nao katikati, ukaugusa tena chini. Palikuwa na shubaka kubwa la zamani, tundu la ukutani ambalo wazee walikuwa wakiweka taa na misahafu, na humo ndimo kabati lilitakiwa kuingia. Hakuna pembe hata moja iliyokuwa pembe. Aliyenifundisha kazi alikuwa Singasinga mmoja mkali sana, aliyeniambia nyumba ikiwa imepinda kabati linyooke. Lakini naye hakupata kuona ukuta wa Kanyenye.

Nikamuuliza kombe lina upana gani, maana sahani na vikombe havinipi wasiwasi, kombe ndilo litakaloamua. Akapanua mikono hewani, akasema hivi. Nikamwambia amwandikie mkewe alipime kwa futi. Akaniangalia kama niliyetukana. Akasema amekula wali ndani ya kombe hilo miaka ishirini, atashindwaje kulijua? Basi nikapima mikono yake. Wallahi, nilipima mikono ya mtu hewani, nikaandika kwenye daftari. Sijui nilikuwa nimelogwa na nani.

Mbao za mninga nilizifuata Sikonge kwa baiskeli, nikarudi kungoja lori, nikangoja kibali, nikangoja dereva aliyekwenda kunywa pombe ya asali kwa mtu. Bawaba hazikuwako mjini. Duka la serikali waliniambia nije wiki ijayo, na wiki ijayo wakaniambia wiki ijayo. Mwishowe nikapanda treni hadi Usoke, ambako mkulima mmoja wa tumbaku alikuwa na kabati bovu la nguo lililoachwa na mzungu aliyeondoka, nikang'oa bawaba zake nne za shaba. Mchwa walikuwa wamekula kabati lote wakaacha bawaba. Nilirudi nazo mfukoni nikizigusagusa njia nzima.

Nikajenga. Nikachonga ukuta taratibu, nikasimamisha fremu, nikatia rafu tatu: ya chini ndefu ya kombe, ya kati ya sahani, ya juu ya mabakuli na vikombe. Lilipendeza. Mninga mzuri una rangi yake yenyewe, huhitaji kuusifia. Nikamwita aje aone.

Akaja, mikono nyuma. "Hivi, fundi," akasema, "huoni kama lipo juu mno?" Mkewe si mrefu, eti. Asije akahitaji kigoda. Halafu akawageukia wazee watatu majirani waliokuwa barazani, akawaambia Mnyamwezi huyu amejenga kabati la kufikiwa na twiga. Wazee wakacheka. Nami ikanibidi nicheke, meno yote nje, moyo ukichemka. Nikabomoa, nikashusha.

Akaja tena. Hivi, fundi, vikombe vya kahawa vikichanganywa na mabakuli si vitagongana? Anataka rafu ya nne, ya vikombe peke yake. Nikamwambia nikiongeza rafu, zote zinabanana, na kombe litakosa kimo cha kusimama. Akasema litalala. Nikamwambia likilala litataka kina, kombe lina upana gani hasa? Akapanua tena mikono hewani. Nikamwambia mikono yako inapungua, mtani, mwezi uliopita ilikuwa mirefu zaidi. Akasema ni njaa ya Tabora. Wazee wakacheka tena. Nikatia rafu ya nne, juu tu ya mahali pa kombe, nikaigongea ndani ya mifereji yake kwa hasira kiasi kwamba hata gundi haikuhitajika.

Nikisema nilichoka, sijasema kitu. Kazi za watu wengine zilikuwa zinalala karakana. Mke wangu nyumbani alikwisha anza kuniuliza kama nimehamia Kanyenye. Usiku naota rafu. Na sikuwa na pa kuimwaga hasira yangu, maana kila nikikunja uso, mtani ananiuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mtani, umenuna?" Nami najibu, "Ninune kwa lipi, na wewe si mtu?" Na wazee wanafurahi. Walikuwa wamepata burudani ya bure pale barazani, hawakutaka kazi iishe.

Siku ya milango ndiyo mambo yaliharibika. Milango ilikuwa miwili, nimeipiga msasa mpaka ukipitisha shavu hupati mkwaruzo, na bawaba za Usoke zinang'aa pamoja na kitasa na ufunguo nilivyong'oa hukohuko. Niliisukuma kwa mkokoteni kutoka karakana, nimeifunika kwa blanketi la kitanda changu mwenyewe. Nikaingia chumbani, nikaiegemeza, nikatoa bisibisi. Akaingia.

"Hivi, fundi," akasema, "jua la jioni linapiga ukuta huu. Maua ya sahani yatapauka. Tulihamishe, liende ukuta ule wa pili."

Niliutazama ukuta wa pili. Haukuwa hata na shubaka. Nikaitupa bisibisi chini, ikaruka ikagonga dirisha. Nikamwambia, na sikuwa ninatania, na kila mtu barazani alisikia kwamba sitanii: "Mkeo hakukukimbia kwa ajili ya sahani. Amekukimbia kwa sababu hujui unachotaka."

Mzee mmoja akakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemkasirikia mtani, na si hivyo tu, nilikuwa nimeshika kidonda chake nikakiminya. Nilimngoja anirudishie tusi, anitukane babu yangu na mzigo wake, ili tucheke yaishe. Hakunitukana. Alikaa kwenye ukingo wa kasha lake la zamani, lilelile la magazeti na misumari, akaongea chini chini kiasi kwamba ilinibidi nisogee.

"Likiisha nitalazimika kumwandikia aje," akasema. "Nikimwandikia, halafu asije, kabati lenyewe nitalifanyia nini?"

Ebo! Miezi yote ile nilidhani nina mteja mgumu. Kumbe nilikuwa na mtu mwoga. Alikuwa ananijengesha na kunibomolesha ili siku ile isifike. Barua hata moja hakuwa ameandika. Mkewe hakujua kama kuna ubao uliopigwa randa. Nilimwonea huruma, na papo hapo hasira ikanipanda upya, maana ngozi iliyobanduka mikononi ilikuwa yangu, si yake.

Wazee wa barazani walinitoza jogoo kwa kosa la kumnunia mtani. Nilileta jogoo, tukamla pamoja kesho yake, mimi, yeye na wazee, na amani ikarudi. Alikula vizuri sana kwa mtu mwenye huzuni. Nami nikimtazama anavyomung'unya paja la jogoo wangu, nikapata wazo. Mkewe pia ni Mzaramo. Kwa hiyo na yeye ni mtani wangu. Na mtani ana haki ya kuteka.

Nikasimama, nikanawa, nikaingia ndani, nikatoka na milango yangu miwili nikaipakia kwenye mkokoteni. Nikatangaza mbele ya wazee kwamba milango nimeiteka, na atakayeikomboa ni mwenye vyombo mwenyewe, si mwingine. Wazee wakapiga makofi. Karani wangu alicheka kuliko wote, na nilijua sababu. Kabati lisilo na milango halijakwisha, na yeye hakudaiwa barua.

Barua niliiandika mimi. Anwani nilipewa na mzee mmojawapo, aliyewahi kumpelekea yule mama salamu. Niliandika hivi:

"Kwa mtani wetu wa kike, Kisarawe. Sisi Wanyamwezi tumeteka milango miwili ya kabati lako la vyombo, la mninga, lililojengwa ndani ya ukuta, halibebeki. Babu zetu walileta pembe za ndovu kwenu kwa miguu, hawakuvunja hata moja. Mumeo ameleta sahani kwa treni. Kama Wazaramo bado mpo, njoo ukomboe. Kama hampo, milango nitaitumia kwa banda la kuku. Mimi, fundi, Tabora."

Nilipomweleza mke wangu niliyoyaandika, aliniuliza kama nina akili timamu, kumwandikia mke wa mtu matusi halafu nikae ningoje jibu. Nikamwambia ni utani. Akasema na asiyejua utani akiisoma je, na mwanamke mwenyewe akiwa hana hamu ya kucheka je? Barua ilikuwa imekwisha kwenda.

Wiki zikapita. Milango ilikaa imeegemea ukuta wa karakana, njiani kabisa, na kila siku nilijigonga kidole gumba cha mguu kilekile. Karani akipita kwenda kazini ananiamkia kwa tusi, namrudishia, anakwenda zake kwa furaha. Nilimchukia kila asubuhi kwa muda wa kama dakika tano. Sikumwambia habari ya barua. Nilianza kufikiri kwamba amesoma, amechana, na mimi ndiye niliyemaliza kuivunja ile ndoa.

Ndipo asubuhi moja, treni ya pwani imeingia muda si mrefu, akatokea mlangoni mwanamke mfupi wa khanga, kapu mkono mmoja na kifurushi mkono mwingine. Akasimama, akatazama mafundi wote waliochangia karakana ile nami, akauliza kwa sauti kavu nani kati yao ni mwizi wa Kinyamwezi. Wenzangu wakaninyooshea vidole, hakuna hata mmoja aliyesita.

Akafungua kifurushi, akatoa nazi mbili, akazibwaga juu ya benchi langu. Nazi Tabora ni tunu, msifikiri ni kitu kidogo.

"Ukombozi huo," akasema. "Lete milango."

Nikamkaribisha kiti, akakataa. Nikamuuliza kama amekwisha kumwona mumewe, akasema amekuja kwa ajili ya milango. Kisha akanionyesha pindo la khanga yake, limefungwa fundo dogo. Ndani ya fundo, akasema, kuna tiketi ya kurudi, ya kesho. Atalitazama kabati, na macho yake yatamwambia. Kapuni alikuwa na chombo kimoja tu, lile kombe, amelizungushia khanga tatu na majani makavu ya mgomba. Vingine ameviacha kwa dada yake.

Nilimtuma mwenzangu akimbie stesheni kumwita karani, mimi nikasukuma mkokoteni, mama akifuata nyuma. Tulipofika, karani alikuwa amekwisha fika, yumo ndani ya sare yake, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Wakatazamana.

"Hujambo?" akasema mume.

"Sijambo," akasema mke. Hakuvua viatu wala hakukaa.

Nikafunga milango. Sijawahi kufunga skrubu huku watu wawili wamesimama kimya namna ile nyuma yangu, na wazee watatu wakichungulia dirishani bila aibu. Mama akapitisha kiganja juu ya fremu, akatikisa kabati kwa nguvu, mara mbili, kama anayetaka kuling'oa. Halikutikisika. Nikaona bega lake limeshuka kidogo. Akainama kwenye kapu, akafungua khanga moja, ya pili, ya tatu, akatoa kombe. Lilikuwa zuri kweli, jeupe, maua ya buluu pembeni.

Akalisimamisha rafu ya chini. Likagonga rafu ya juu yake. Akalilaza. Likaingia, likaenda, likagota ukuta wa nyuma, na ukingo ukabaki nje. Akaurudisha mlango polepole. Mlango ukagusa kombe ukasimama. Vidole viwili. Yaani vidole viwili tu, jamani, baada ya miezi yote ile.

Karani alitazama mikono yake mwenyewe. Mimi nilihisi damu imenipanda hadi masikioni, maana lile daftari lenye kipimo cha mikono ya mtu hewani lilikuwa langu. Mama akanigeukia.

"Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo," akasema. "Wewe sahani moja imekushinda?"

Ulikuwa utani, na ulinichoma kuliko tusi la kweli. Kabla sijajibu, karani akanishika mkono akanivuta uani, nyuma ya jiko. Akanisihi niseme kwamba ni kazi ya mwezi mzima, kwamba ukuta lazima uchimbwe upya, mbao zifuatwe Sikonge. Akiambiwa hivyo, atangoja. Tiketi itapitwa. Mwezi ni mrefu, mengi yanaweza kutengenea.

Nami nilijua kwamba ile rafu ya nne, aliyoniongezesha kwa ajili ya vikombe, inatoka kwa muda wa kuchemsha chai. Ikitoka, kombe linasimama. Nakiri nilifikiri. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na ulikuwa uongo wa hisani. Lakini nilimtazama yule mtu nikaona mwezi mwingine wa hivi fundi, hivi fundi, na mwisho wake yuleyule mke mlangoni na swali lilelile. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kupita uwezo wa kudanganya.

"Mtani," nikamwambia, "mimi leo namaliza. Yaliyobaki ni yako."

Nikarudi ndani. Nikamwambia mama alishike kombe. Nikaingiza patasi chini ya rafu ya nne, nikagonga. Ubao ulilia, maana nilikuwa nimeutia kwa hasira, na ilinibidi niutoe kwa hasira pia. Ulipotoka, nikapangusa vumbi kwa mkono wa shati langu, nikasogea pembeni.

Mama akalisimamisha kombe, maua yakitazama chumbani. Akafunga mlango. Ukafunga. Akaufungua, akaufunga tena. Nikampa ufunguo, akaujaribu, kitasa kikazunguka. Sasa hapakuwa na kazi iliyobaki, wala sababu ya mtu yeyote kungoja kitu. Nilianza kukusanya vyombo vyangu vya kazi polepole, ingawa vyote vilikuwa vimekwisha kuwamo ndani ya mfuko. Karani alikuwa amesimama mlangoni, kofia ameikunja mpaka imepoteza umbo.

Mama alivuta pindo la khanga, akalifungua lile fundo kwa meno. Akatoa tiketi. Akautia ufunguo mahali pake, akafunga fundo upya, akalivuta likaze. Tiketi akamnyooshea mumewe.

"Wewe ni mtu wa reli, utajua pa kuirudisha," akamwambia. "Na mwandikie dada alete vilivyobaki. Avifunge yeye. Wewe usiguse."

Karani aliipokea tiketi kwa mikono miwili. Akaitia mfuko wa sare, akafunga kifungo. Nje dirishani mzee mmoja alikuwa anafuta macho kwa kofia yake akijidai ni vumbi la patasi yangu. Mimi nikanyanyua mfuko wangu, nikaaga, nikafika mlangoni nikijua kwamba hatimaye, alhamdulillahi, kabati limekwisha.

"Mnyamwezi," mama akaniita. Alikuwa anaufungua na kuufunga ule mlango, sikio amelisogeza. "Bawaba hii inalia."

Nikamwambia mafuta ya mashine hayajaonekana Tabora tangu mwezi uliopita, na duka la serikali hawajui yataletwa lini. Akavua viatu, akaviweka kando ya ukuta, akasema hana haraka, atasubiri.